Kadi Yangu Haikusonga

Mwaka huo tulikuwa watano, na ofisi yetu ilikuwa grupu ya WhatsApp iliyoitwa Kazi Tu. Mimi nilikuwa Roysambu, kwenye bedsita ambayo ukinyoosha mkono kutoka kitandani unashika sufuria. Mwandishi mwenzangu alikuwa Kisumu. Msanifu wetu wa picha alikuwa Kitengela, na mke na mtoto wa miezi mitatu. Mhariri alikuwa Mombasa, mama wa makamo aliyewahi kufundisha shule ya upili, na sote tulimwita Mwalimu. Wa tano ndiye aliyetuletea mteja, kwa hivyo tukamwita Chair. Ilianza kama utani, halafu jina likakwama.

Mteja aliuza vifaa vya sola. Alitaka makala 24 kila mwezi, kila moja na picha zake, na alilipa kwa mkupuo. Zote 24 zikiingia, pesa inatoka. Ikikosekana moja, mnangoja. Kishike hicho kipengele, kwa sababu mimi nilikisahau.

Mwezi wa kwanza WhatsApp ilitutosha. Mwezi wa pili ikatumeza. Ukilala saa sita unaamka na jumbe mia moja na kitu, nusu yake ni memu na salamu za asubuhi, na katikati hapo kuna moja ya Chair inayosema “ile ya taa za nje, nani anachukua?” Mimi nikaichukua. Mwenzangu wa Kisumu naye akaichukua. Tukaandika makala moja mara mbili, usiku uleule, kila mtu akijiona shujaa. Ile ya pampu za maji haikuandikwa na mtu. Mwalimu naye alihariri toleo la zamani, kwa sababu tulikuwa na faili zinaitwa “mwisho”, “mwisho2” na “mwisho kabisa”, na ile ya kweli ilikuwa “mwisho2”.

Wa Kisumu alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Sitaurudia wote. “Buda, nimekesha bure. Nani ananilipa?” Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyejua. Hiyo ndiyo siku Chair alisema tutafute programu ya kusimamia kazi kama watu wazima.

Tulichofanya kwanza ni kile ambacho kila mtu hufanya. Tuliuliza mtu anayejua kompyuta. Binamu yake Chair anaandika programu, akatuambia tutumie Jira. Jira si kitu kibaya. Ilitoka mwaka 2002, na jina lake lilikatwa kutoka Gojira, yaani Godzilla kwa Kijapani. Ilianza kama chombo cha waandishi wa programu kufuatilia hitilafu kwenye kazi yao. Sisi tulikuwa tunaandika makala za taa. Ni kama kukodi lori kubebea pakiti mbili za unga. Lori halina makosa, ni vile mzigo wako haukulihitaji.

Tukajaribu nyingine mbili ambazo sitazitaja. Moja ilikuwa na chati, kalenda, rangi na vitufe hadi tukatumia wiki nzima kuipamba na hakuna makala iliyoandikwa. Manze, kuna raha fulani ya uongo kwa kupanga kazi. Unapaka rangi ya kijani, unaweka nyota, unahisi umefanya kitu. Hujafanya.

Mwalimu ndiye aliyetuokoa, na hakuwa amewahi kutumia programu hata moja kati ya hizo. Alipiga simu ya pamoja jioni moja akasema, “Wanangu, hebu nyamazeni niwaulize.” Maswali yake yalikuwa manne, na hadi leo mtu akiniuliza achague programu gani kwa timu yake, humpa hayo hayo.

La kwanza: inafunguka vizuri kwenye simu ya yule mwenye simu mbovu kuliko sote? Msanifu wetu alikuwa na laptopu ya nguvu lakini simu yake ilikuwa imejaa picha za mtoto, haina nafasi. Kama yeye hawezi kuifungua akiwa kwa matatu, basi hatuna programu, tuna mapambo.

La pili: bure ni bure hadi watu wangapi? Nyingi kati ya hizi hulipisha kwa kila mtu, kila mwezi, kwa dola. Dola 10 husikika ndogo hadi uzidishe kwa watano, ubadilishe kwa shilingi, upate zaidi ya 6,000. Hiyo ni nusu ya kodi yangu.

La tatu: siku tukiamua kuhama, tutatoka na kazi zetu au zitabaki humo ndani?

La nne ndilo lilikuwa la kweli: nani ataijaza kila siku? Kwa sababu programu haijui kitu ambacho hukuiambia.

Tukaishia Trello. Ni ubao tu. Una safu zilizosimama wima, na ndani ya kila safu kuna kadi. Kadi moja, kazi moja, jina la mtu mmoja. Tukaweka safu nne: Ya Kufanywa, Inafanywa, Kwa Mwalimu, Imekwisha. Ukianza kazi unaisukuma kadi yako kwa kidole kwenda safu ya pili. Ukimaliza unamsukumia Mwalimu. Faili ya kweli inakaa ndani ya kadi, na ile biashara ya “mwisho kabisa” ikafa siku hiyo.

Kwa sababu mimi hupenda kujua vitu vilikotoka, nilisoma kuhusu ubao huo usiku badala ya kuandika. Trello yenyewe ilizaliwa mwaka 2011 New York, lakini wazo ni la zamani zaidi. Ni la viwanda vya Toyota, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mhandisi anayehusishwa nalo zaidi ni Taiichi Ohno. Aliangalia jinsi supamaketi za Marekani zinavyofanya: rafu inajazwa kwa kadiri bidhaa zinavyoondoka, si kwa kukisia. Kiwandani akatumia kadi, wanaziita kanban. Kadi inasafiri na vipuri, na ikirudi ndiyo ruhusa ya kutengeneza vingine. Bila kadi hutengenezi. Mama wa duka hapa chini kwetu anafanya vivyo hivyo na mkate. Hajazi rafu kwa sababu gari la mkate limefika, anajaza kwa sababu mikate imeisha.

Faida yake, kumbe, ni kwamba kazi iliyokwama inaonekana. Kwenye rundo haionekani. Kwenye ubao inasimama pale, wengine wanaipita, kila mtu anaiona.

Mwezi wa nne, iliyosimama ilikuwa yangu.

Kadi yenyewe ilisema “Jinsi ya kuchagua betri ya sola”. Maneno 1,200. Nimewahi kuandika vitu vigumu zaidi ya hicho nikiwa na homa. Lakini kila nikifungua ukurasa nilikuwa naufunga. Sijui niseme nini. Sikuwa mgonjwa wa kulazwa. Nilikuwa nalala saa kumi asubuhi, naamka saa nane mchana, nakula mkate na chai, naangalia simu. Nikiulizwa kwenye grupu, “iko wapi ya betri?”, najibu “iko njiani” na kaemoji ka moto.

Kila kadi ina tarehe ya mwisho. Yangu ilipofika nikaisogeza mbele siku tatu. Ikafika tena, nikaisogeza. Mara ya tatu nikaisogeza wiki nzima. Sikujua, au nilijifanya sijui, kwamba kadi ina kumbukumbu. Ukiifungua na kushuka chini unaona kila kitu: nani alibadilisha nini, lini, saa ngapi. Mwalimu alishuka chini.

Alinipigia siku moja saa tatu usiku. Hakuuliza makala.

“Mwanangu, mara tatu umebadilisha tarehe, na mara zote ni saa nane za usiku. Hulali?”

Nikasema niko sawa, Mwalimu.

“Mimi nimefundisha watoto miaka 22. Mtoto anayesema yuko sawa kabla hajaulizwa vizuri, namjua.”

Nikalia. Sikupanga. Na nilichomwambia hakikuhusu betri.

Nilimwambia kuhusu chuo. Mwaka wa tatu, muhula wa pili, karo ilikuwa imebaki na nyumbani hakuna kitu. Nilijua tangu wiki ya kwanza kwamba sitaruhusiwa kufanya mtihani. Sikumwambia mtu. Kwa miezi mitano niliamka asubuhi, nikabeba begi, nikaaga wenzangu wa hosteli, nikaenda kuketi saiba. Huko nilikuwa naandika insha za wanafunzi wa ng’ambo kwa malipo. Nilifuzu digrii za watu wengine nikiwa nimeshindwa kumaliza yangu. Mama akipiga simu, “masomo yanaendeleaje?”, nasema “poa tu, Mama”. Yeye akijua mimi ni komradi, chuo kikijua mimi ni deni, hakuna aliyejua niko wapi. Aliyekuja kumwambia Mama ukweli si mimi. Ni barua.

Kilichomuumiza Mama si karo. Mama ni mweka hazina wa chama chao hadi leo. Ana kaunta buku lenye mistari aliyoichora kwa rula, majina upande huu, miezi upande ule. Aliyelipa anawekewa tiki. Aliyeshindwa anaachiwa nafasi wazi, na nafasi hiyo inaonekana na wote. Lakini pale kwao kuna kanuni: mwenye shida husema kabla ya mkutano. Akisema kabla, wanachanga, au wanampa mwezi mwingine. Akinyamaza hadi kitabu kifunguliwe, hapo ndipo pana aibu. “Ungesema mapema,” Mama aliniambia, “hata kama tusingepata zote, ningejua tunatafuta nini.”

Mwalimu alisikiliza yote. Mwisho akasema, “Haya. Kadi ya betri nipe mimi. Kesho unalala.” Aliiandika mwenyewe kwa siku mbili. Makala 24 zikatimia, siku 19 baada ya tarehe yake.

Nilidhani imeisha hapo. Wiki mbili baadaye ndipo nilijua kilichotokea Kitengela. Kwa sababu makala moja ilikosekana, pesa za watu watano zililala kwa mteja siku hizo zote. Msanifu alikuwa amemwahidi keateka kwamba kodi inaingia tarehe 5. Tarehe 12 alirudi na mkewe na mtoto kutoka kliniki wakakuta kufuli ya pili mlangoni. Walilala kwa jirani siku nne. Picha zake zote 24 zilikuwa kwenye safu ya Imekwisha kabla ya mtu yeyote. Hakuandika neno kwenye grupu. Alimaliza mwezi, akaaga vizuri, akaondoka.

Nilimtumia shilingi 5,000 kwa M-Pesa na ujumbe mrefu wa kuomba msamaha. Alizirudisha zote. Akaandika, “Niliona kadi yako kila siku. Ungesema tu, ningekusaidia kuiandika.”

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Programu ilikuwa imefanya kazi yake. Ilimwonyesha kazi iliyokwama na ya nani. Haikuwa na mahali pa mimi kusema kwa nini, wala pa yeye kuuliza bila kuonekana anadai. Ubao wetu ulijua hali nne tu za kazi, na hali yangu haikuwa mojawapo. Kwa hivyo kadi yangu ilikaa Inafanywa, nayo haikuwa inafanywa. Ule ulikuwa uongo wa begi na saiba, sema tu sasa ulikuwa na rangi na tarehe.

Tuliongeza safu ya tano. Iko katikati, inaitwa Nimekwama. Masharti yake tuliyaandika juu ya ubao, na mengi ni ya kitabu cha Mama. Unaweka kadi yako hapo kabla ya tarehe, si baada. Hakuna anayeuliza “kwa nini”. Swali ni moja, “unahitaji nini?” Ikikaa siku mbili bila jibu, Chair anapiga simu, haandiki. Pia tulimwomba mteja atulipe nusu zikifika 12. Tulidhani atakataa. Alikubali kwa ujumbe wa mstari mmoja, na nikajiuliza ni vitu vingapi tumebeba kwa sababu hatukuuliza.

Mimi nimeitumia safu hiyo mara sita. Mara ya kwanza kidole kilitetemeka, usicheke. Ilikuwa tu makala ya waya, na nilichohitaji ni mtu wa kunisomea aya ya kwanza. Wa Kisumu akaisoma akiwa kwenye bodaboda, akanitumia ujumbe wa sauti wenye upepo mwingi, “mwanzo iko sawa, endelea.”

Tuna msanifu mpya sasa, dada wa Thika. Wiki jana saa tatu asubuhi kadi yake iliingia Nimekwama. Aliandika neno moja, “Stima”. Saa tano Chair alikuwa amempatia picha zingine za kutumia kutoka mwezi uliopita, na saa kumi kadi ikahamia kwa Mwalimu. Mteja hakujua kitu.