KIBAO CHA SHINGONI

Mara hii tumeombwa kuandika juu ya kujifunza lugha za kigeni, na mfano hatukuutafuta mbali, maana hapa kwetu Yahuma lugha ziko mingi kuliko madawati mazima. Nyumbani tunasema Longandu, wengine Topoke, wengine Lokele. Sokoni ni Lingala. Darasani ni Kifaransa, na mwalimu wa Kiingereza naye ana saa zake. Kiswahili hiki tumekipata kwa wenzetu waliotoka Kisangani. Kama kina makosa, waulizwe wao, sisi hatukukisoma kitabuni.

Watu wengine wanasema mtoto wa porini hawezi lugha. Apana. Mwangalieni mama anayepeleka samaki wa moshi Kisangani. Ametoka kijijini na Longandu, akifika kwenye mto anasema Lingala, na katika soko la mji anabishana bei kwa Kiswahili. Shule hakuingia hata siku moja. Alisema vibaya, wateja wakacheka, naye akacheka, akarudia tena mpaka neno likakaa. Samaki waliuzwa.

Na lugha hizi hazikuja kwetu kwa upole. Kiswahili kilipanda mpaka kwenye maporomoko ya Kisangani pamoja na watu wa Tippu Tip, waliotafuta pembe na watumwa, na mwaka 1887 huyo Tippu Tip akafanywa gavana wa pale kwa jina la mfalme Leopold. Lingala ilitembea na askari na mashua ya moshi. Kifaransa kilifika na ofisi na kodi. Wazee wetu hawakuulizwa. Lakini lugha zilikaa, juu watu walipata wa kuzungumza naye.

Njia nyingine pia iko wazi, ya mgeni kujifunza lugha ya mahali. Hapo chini ya Kisangani, pale Yakusu, na baadaye Yalemba, alifanya kazi Mwingereza mmoja wa misioni ya Baptisti, John Carrington, aliyefika Kongo mwaka 1938. Alijifunza Lokele, kisha akajifunza hata kupiga lokole, ile ngoma ya mti inayosema, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu yake. Si kazi rahisi. Katika Lokele sauti ikipanda au ikishuka neno linageuka: «lisaka» ni dimbwi, au ahadi, au sumu, ni lile lile moja. Na kuna maneno ambayo ukiyasema kwa sauti moja umesema mtu aliangalia kando ya mto, na kwa sauti nyingine umesema alimpika mama mkwe wake! Tunafikiri yule bwana alichekwa mara mingi. Hatusikii kwamba alifungwa kitu shingoni.

Hapa ndipo tunapotaka kufika. Kila mwanafunzi anakijua kibao. Akisikiwa mtu anasema lugha ya nyumbani ndani ya uwanja wa shule, anavaa kibao, na njia ya kukitoa ni moja: amkamate mwingine. Aliye nacho kengele ya jioni ikilia, anasafisha choo. Sisi kapita ndio tunaoandika majina katika daftari. Tumelisoma lile daftari toka mwanzo wa mwaka. Majina karibu yote ni ya watoto wa darasa la kwanza, na ni wale wale watano, sita. Wakubwa hawamo. Si kwamba wakubwa hawasemi Longandu, kumbe wamejua kujificha. Basi kibao kinafundisha vizuri sana, kinafundisha kupeleleza na kunyamaza. Kifaransa chenyewe bado.

Muhula uliopita mtoto mmoja wa hao wadogo alishikwa na tumbo usiku. Alikuwa amevaa kibao mara tatu katika mwezi wa kwanza. Mlinzi wa nyumba ya kulala alipita na taa, akamwuliza kwa Kifaransa kuna nini. Mtoto akajibu: «Ça va.» Akarudi tena baadaye, mtoto akajibu tena: «Ça va.» Ndiyo maneno pekee aliyokuwa na hakika nayo. Asubuhi tulimkuta amekunjamana, mwili moto kama jiwe la jikoni, tukampandisha kwenye baiskeli mpaka kwa muuguzi. Muuguzi alimwuliza kwa Longandu tu, unaumwa wapi, mtoto wetu? Maneno yakatoka kama maji ya mvua. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini wale waliolala kitanda cha jirani walisikia akilia, nao pia walikuwa wanaogopa kumwuliza kwa lugha yao.

Mtu asiseme tunakataa Kifaransa. Mtihani wa Serikali unaandikwa kwa Kifaransa, na sisi tunaukaribia, tunakitaka sana, hata kama hakuna aliyetueleza juu ya nini meza ni mwanamke na ofisi ni mwanaume. Tunajua pia kwamba Katiba ya mwaka 2006 imekiweka kuwa lugha ya serikali, na kutaja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Longandu haimo katika hizo. Lakini sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha ya mahali ifundishie katika shule za msingi. Sasa mtoto anafundishwa kwa lugha fulani huko chini, akipanda huku juu lugha ile inakuwa kosa la choo?

Katika Waamuzi sura ya 12 watu walisimamishwa kwenye vivuko vya Yordani na kuambiwa watamke neno moja. Walioshindwa sauti moja tu walikufa, 42,000. Sisi kapita hatupendi kusimama kwenye kivuko kile na daftari mkononi.

Kwa hiyo tumemwandikia prefe wa masomo maneno haya. Darasani iwe Kifaransa peke yake, bila huruma. Katika nyumba ya kulala, mtoni, na kwa mgonjwa, kila mtu aseme lugha anayoweza. Alhamisi jioni tukae saa moja ya kusema Kifaransa tu, kucheka kuruhusiwe, na aliyekosea arudie palepale. Na wenzetu wa Kisangani, miaka mitatu wako hapa na hawajui kuomba maji kwa Longandu, nao wapewe Jumanne. Kibao kimebaki kwetu, kimefungiwa katika sanduku pamoja na chaki. Jibu likifika tutaliandika katika gazeti la muhula ujao.