Taa Nyekundu Ndani ya Mita

Mgeni atokaye pwani akisikia kwamba mimi ni mkazi wa Nyundo hucheka, akidhani naishi ndani ya sanduku la vifaa. Hata katika Kinyarwanda jina hilo lina maana ileile, nami niliyezeeka nikitengeneza redio za askari silionei aibu. Nyundo yetu imo wilayani Rubavu, juu kidogo ya mji wa Gisenyi, na mto Sebeya hupita bondeni ukielekea Ziwa Kivu. Mto huo hutupatia umeme, kwani mitambo ya Gihira, Keya na Gisenyi huendeshwa na maji yake. Mto huohuo ndio uliotuingilia majumbani usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, ambapo mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda.

Siku chache baadaye jirani yangu, mke wa askari aliyekuwa kazini mbali, aliniomba nimkagulie nyaya za nyumba yake. Tope lilikuwa limefika kwenye soketi. Umeme ulikuwa umekatwa mtaa mzima, nasi hatukuwa na habari kwamba jioni ileile ulikuwa umerejeshwa. Nilifika giza limekwisha kuingia, tochi nikaibana kwa meno, mita ya mkononi nikaishika kwa kushoto. Mwanga wa tochi ulirudi machoni mwangu kutoka kwenye kioo cha mita. Nilipoinamisha kichwa niliona tarakimu 1, basi. Nikajisemea: volti moja, si kitu. Nikatia bisibisi.

Mlio ulikuwa kama wa fataki, na ncha ya bisibisi ikayeyuka. Kilichoniokoa ni mpini wa plastiki. Kumbe gizani nilikuwa nimeweka swichi ya kuchagulia kwenye volti 200, na nyaya zilikuwa na volti 230. Mita ikizidiwa huonyesha 1 peke yake, ukingoni kushoto. Fundi mwanafunzi hufundishwa jambo hilo siku ya kwanza. Jirani alisema, “Pole, mzee wangu,” nami nikaona haya kuliko maumivu.

Ndipo nilipoazimia kuitia mita yangu taa. Ziko mita za dukani zenye taa yake, sikatai. Lakini hii yangu nimeizoea, na mstaafu huhesabu senti.

Ndugu msomaji, kioo cha mita hakitoi nuru. Nyuma yake pamebandikwa karatasi ya rangi ya fedha inayorudisha nuru ya nje, na gizani haina cha kurudisha. Ili nuru ipite kutoka nyuma, karatasi hiyo haina budi kubanduliwa, bila kuchana ile nyingine nyembamba ya kuchuja nuru iliyogandana nayo. Ikichanika, tarakimu hazionekani tena. Namshukuru Mungu nilianza na mita mbovu, maana niliichana. Ya pili niliibandua kwa ukucha, taratibu, muda wa saa nzima. Mahali pake nikaweka kipande cheupe nilichokata kwenye kopo la maziwa, ili nuru itawanyike sawasawa. Kuna pia utepe wa mpira unaopitisha umeme kutoka kwenye ubao hadi kwenye kioo: usiuguse kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi hufuta nusu ya tarakimu.

Nilikusudia kutumia betri ileile ya mita, ya volti 9. Nikaghairi. Betri hiyo ikilegea, mita huanza kusema uongo, na mara nyingi hutaja zaidi ya kweli; sikutaka taa iwe chanzo cha uongo mwingine. Nikanunua betri ya kidonge ya volti 3. Kitaa chekundu cha LED hutumia kama volti 2, na ile moja iliyobaki huachiwa rezista ya omu 470. Mkondo wake ni kama miliampea 2, na kidonge kimoja huweza kuwaka kwa takriban saa 100. Nilichagua nyekundu kwa sababu askari yeyote wa doria anaijua: jicho lililozoea giza halipofushwi nayo upesi kama inavyopofushwa na nyeupe.

Swichi niliyokuwa nayo ilikuwa ya chuma, nzuri, ya redio ya zamani. Nilimwonyesha mama watoto mahali nitakapotoboa. Yeye hana habari ya rezista, lakini aliniuliza, “Baba, na kidole chako kitagusa nini?” Nilinyamaza. Fundi akiweka ncha nyeusi ya mita kwenye waya wa moto, na gizani ni nani ajuaye ameweka ipi, matumbo yote ya mita hushika volti 230. Gamba la plastiki ndilo ukuta pekee kati ya matumbo hayo na mkono, nami nilikuwa karibu kulitoboa na kutia chuma. Nikatafuta kitufe cha plastiki tupu, cha kubonyeza na kuachia, kisichozidi tundu lake.

Bado taa hiyo haimuliki swichi ya kuchagulia, nayo ndiyo iliyonikosesha kwanza. Kwa hiyo nimetia tone nene la rangi penye alama ya volti 750, ambapo kidole gumba hupapasa na kuanzia hapo kila mara.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa jirani, usiku, kwa makusudi. Nilibonyeza, nikasoma 228 kwa rangi ya kaa la moto. Mwanawe mdogo akaomba abonyeze na yeye. Nikamnyima mita, nikampa tochi anishikie.