Sisi wa León, Wao wa Diego

Kuanzia mwaka 2014 hadi 2016 hivi, vijana wa Shasha tuligawanyika makundi mawili, na ugomvi wenyewe haukuwa wa shamba, wala wa kabila, wala wa chama. Tulimgombania msichana wa Buenos Aires aitwaye Violetta, wa kwenye tamthilia ya televisheni. Waliotaka apewe León walikaa mabenchi ya kushoto ya kibanda cha video, waliotaka Tomás mabenchi ya kulia. Ukichelewa ukakuta upande wako umejaa, afadhali usimame hadi mwisho kuliko kukaa na wapinzani.

Shasha iko Masisi, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Ukitoka Goma kwa barabara ya Bukavu unafika Sake, unaambaa na ziwa kuelekea kusini, unatupita sisi, ndipo unaingia Bweremana na Minova. Malori ya ndizi, mihogo na sambaza yalipita mlangoni kwetu, na vita navyo vilipita hapo hapo. Novemba 2012, waasi wa M23 walipoiteka Goma kisha Sake, wanajeshi wa serikali walirudi nyuma hadi Minova kwa barabara hiyo, pamoja na raia wenye magodoro kichwani. Kwa hiyo mtoto wa Shasha alijua mapema kwamba lipo swali la kuogopwa, nalo ni: wewe ni wa upande gani? Jibu lake lilitegemea aliyeshika bunduki siku hiyo.

Violetta ilitufikia kwa mzunguko. Ilianza kuonyeshwa Amerika ya Kusini tarehe 14 Mei 2012, kazi ya Disney Channel na kampuni ya Pol-ka ya Argentina. Ilikwenda misimu mitatu, kila msimu vipindi 80, ikamalizika Februari 2015. Goma, wenye kisahani cha Canal+ waliitazama kwa Kifaransa. Sisi ambao hatukuwa na umeme wa waya tulingoja sidii za Birere, mjini Goma, zile za kurudufiwa, zilizobebwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na sabuni na chumvi. Mwenye kibanda alikuwa na grupu, yaani jenereta, ndogo ya petroli, na kiingilio kilikuwa faranga 100. Jioni zilikuwa za mpira na filamu za kupigana. Wasichana tulipopiga kelele kwamba na sisi tuna faranga zetu, akatupa Jumamosi mchana.

Kisa chenyewe wengi wanakijua. Violetta Castillo anarudi Buenos Aires kutoka Madrid na baba yake, Germán, injinia tajiri. Mama yake alikuwa mwimbaji na alifia safarini, katika ziara ya maonyesho. Tangu hapo baba hataki kusikia wimbo nyumbani. Binti anajiunga kwa siri na shule ya muziki, Studio 21, na huko wanatokea wavulana wawili: León, mtoto wa kitajiri mwenye majivuno, na Tomás, mgeni aliyetoka Hispania kuanza maisha upya. Martina Stoessel, aliyemwigiza Violetta, alikuwa na miaka 15 tamthilia ilipoanza, umri wa wengi wetu pale benchini.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa lugha. Filamu za kupigana zilitujia zimekwisha kusimuliwa kwa Kiswahili na Watanzania kama Lufufu, lakini Violetta ilikuja bila mtu. Akajitolea yaya mmoja (ndivyo tunavyomwita aliyetuzidi umri) aliyesoma Goma. Alikaa juu ya bidoni iliyogeuzwa, karibu na televisheni, akitafsiri kwa sauti huku picha inaendelea, kwa kuwa mwenye kibanda hakukubali kusimamisha sidii wakati petroli inaungua. Kila alipotafsiri sentensi moja tulikosa mbili. Wimbo ukianza alinyamaza, maana nyimbo zilibaki za Kihispania hata ndani ya Kifaransa. Hapo hakuna aliyeelewa neno, na kibanda kizima kiliimba.

Yaya huyo alikuwa wa León, na hakujificha. León akisema maneno matatu kwa Violetta, yeye alitutolea shairi. Tomás akieleza moyo wake dakika nzima, yaya alisema, "Anaomba msamaha," akanyamaza. Benchi la kulia lilikuwa na wanafunzi wa sekondari wenye Kifaransa cha kutosha kunusa hila. "Yaya, hajasema hivyo!" Wakamteua mfasiri wao, kijana mwenye sauti nzito, akawekwa kona ya pili. Tangu siku hiyo tulitazama Violetta mbili kwa wakati mmoja. Upande wa kushoto Tomás alikuwa kigeugeu asiyejua atakalo. Upande wa kulia, mwanamume wa kweli aliyekosa bahati.

Ukichunguza nani alikaa wapi, ungeona jambo. Wasichana ambao familia zao zilikuwa zimeshuka kutoka milima ya Masisi kukimbia vita walikuwa karibu wote wa Tomás. Mgeni anayefika mji wa watu bila mali wala jina walimwelewa bila mfasiri. Wenyeji, na hasa wale ambao baba zao walikuwa na ng'ombe au duka, walielekea kwa León. Kwa hiyo mabishano ya nani anamfaa Violetta yalikuwa pia mabishano kuhusu wageni na wenyeji, mambo ambayo nje ya kibanda hayakuzungumzwa kwa sauti. Ndani yalizungumzwa kwa kupiga meza, na baadaye tulirudi nyumbani kwa njia moja.

Mama zetu nao walikuwa na kambi zao, zilizohusu watu wazima wa tamthilia. Mama mmoja muuza sambaza alizoea kusimama mlangoni na beseni lake, eti anangoja wateja. Alikuwa upande wa Germán. "Huyo baba ana haki. Binti akishaanza kuimba mjini, utampatia wapi tena?" Binti mmoja akamjibu kwamba hata yeye mama huimba kwaya kila Jumapili. "Kwaya ni ya Mungu," mama akasema, na beseni likabaki pale pale kipindi kizima.

Aliyewagawa akina mama zaidi ni Angie. Huyu anaingia nyumbani kwa Germán kama mwalimu wa binti, akificha kwamba yeye ni mdogo wa marehemu. Wapo waliomwita mwongo. Wengine walisema mama mdogo haombi ruhusa ya kumlea mtoto wa dada yake, na mwenye kosa ni baba aliyemtenga mtoto na ukoo wa mama yake. Msimu wa tatu ulipokwisha kwa ndoa ya Germán na Angie, sisi vijana tulishika vichwa: atamwoaje shemeji yake? Mama zetu hawakushangaa hata kidogo. Mdogo wa marehemu kuchukua nafasi ya dada yake na kulea watoto ni jambo walilolijua tangu zamani, na waliona Waargentina wamechelewa tu vipindi 240 kufika pale walipopaona wao siku ya kwanza.

Mgawanyiko wetu ulibadilika msimu wa pili. Tomás alikuwa amerudi Hispania, benchi la kulia likabaki yatima. Akaja Diego, mwenye macho makali na sauti nzuri, na yatima wengi wakamfuata. Ila Diego alikuwa amekula njama na Ludmila, hasimu wa Violetta, ili amteke moyo binti kwa hila. Watazamaji tulijua, Violetta hakujua. Hapo ubishi ukapanda daraja. Awali tulibishana nani mzuri na nani anaimba vizuri. Sasa watu wa Diego walilazimika kumtetea mwongo, na walijitetea kwa hoja: mtu hupimwa kwa alivyoanza au kwa alivyomaliza? Akitubu, madhara aliyofanya yanahesabiwa wapi? Sisi wa upande wa pili tulidai kwamba anayetubu baada ya kukamatwa hajatubu. Kwa eneo ambalo vijana wengi wameingia msituni na kutoka, wakapewa sare, wakavuliwa, wakapewa nyingine, hilo halikuwa swali la televisheni peke yake. Nilimsikia kijana mmoja, asiyezoea kusema, akimtetea Diego kwa uchungu ambao hakuna mwigizaji angeupata. Hatukumwuliza sababu.

Nasema sisi wa upande wa pili kwa kuwa wakati huo nilikuwa nimehama. Msimu wa kwanza nilikuwa wa Tomás. Diego alipoingia nikachukua nafasi yangu benchi la kushoto, mchana, watu wakiona. Nilizomewa, nikaitwa msaliti, nikaimbiwa. Wiki iliyofuata nilikopeshwa faranga za kiingilio na mmoja wa wale wale walionizomea.

Halafu kibanda kikaanza kupungua watu. Mwaka 2016 ilikuja Soy Luna, ya msichana wa Mexico anayeteleza kwa viatu vya magurudumu, nayo ikaleta ubishi mpya: waliosema Luna ni Violetta aliyewekewa magurudumu, na waliosema yeye angalau ana furaha na halii kila kipindi. Wavulana walitudhihaki kwamba kwa barabara yetu ya mawe Luna angepanda chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili. Lakini simu za kioo nazo zilikuwa zimefika. Mwenye duka la kuchaji alikujazia vipindi kwenye kadi ya memori, ukatazama kitandani, peke yako, ukarudia wimbo uupendao na kuruka maneno ya asiyekupendeza. Hakukuwa tena na mfasiri wa kumzomea. Kila mtu alibaki na upande wake, ila hakuwa na wa kumjibu.

Katika kipindi hicho wavulana walituletea hoja iliyonikaa kichwani. Kwa nini, walisema, mnalilia mwimbaji wa Argentina wakati Goma ina wake? Walimaanisha Innocent Balume, tunayemwita Innoss'B, ambaye mwaka 2010, akiwa mtoto, alishinda shindano la Vodacom Superstar, na ambaye aliimba na kaka zake katika kundi la Maisha Soul. Amezaliwa Goma mwaka 1997, mwaka ule ule aliozaliwa Martina Stoessel. Baadaye ilionekana walikuwa na haki ya kujivuna: mwaka 2019 Yope yake, iliyorudiwa pamoja na Diamond Platnumz, ilichezwa kutoka Kinshasa hadi Dar es Salaam. Jibu la wasichana lilikuwa fupi: tuonyesheni wa kike. Kijana alipotaka kuimba, aliomba nauli akapanda pikipiki hadi Goma. Kulikuwa na Foyer Culturel iliyofundisha muziki, na kuanzia 2014 kukawa na tamasha la Amani. Binti alipoomba nauli hiyo hiyo, alimkuta Germán mlangoni. Hiyo ndiyo sehemu ya tamthilia ambayo haikuhitaji mfasiri Shasha, na hata waliomcheka Violetta hawakupata la kujibu.

Stoessel mwenyewe aliaga uhusika huo kwa filamu ya mwaka 2016 na akaendelea kama mwimbaji kwa jina la Tini. Mashabiki wa zamani wakagawanyika tena. Wengine walilalamika kwamba amemwacha Violetta na kuimba mambo ya watu wazima. Mimi sikuona kosa. Na sisi tulikuwa tumekua, wengine tukiwa na watoto mgongoni.

Mwanzoni mwa Februari 2024 M23 waliingia Shasha, na barabara ya Goma kwenda Minova ikakatika. Watu wa mabenchi yote mawili walitawanyika: wengine Minova, wengine kambi za pembeni mwa Goma kama Bulengo na Lushagala. Kwenye foleni ya maji nilikutana na dada mmoja wa benchi la Diego, shabiki wa kufa na kupona. Tulisalimiana, tukapeana habari za waliopo na wasiokuwepo, kisha akaniuliza kama bado ninashikilia ujinga wangu wa León. Tulibishana mpaka mama wa nyuma yetu akasukuma bidoni zake mbele, akachukua zamu yetu.

Nikiitazama leo, Violetta ina dosari zake. Msimu wa tatu, ambapo Violetta na rafiki yake wanajificha kwa nywele za bandia na majina ya uongo, hata mtoto angewatambua. Matajiri wake hawafanyi kazi, na hakuna anayeulizia bei ya kitu. Lakini wazazi na walimu wanaosema tamthilia za namna hii zinawapotezea vijana muda, nawaomba jambo moja. Kabla hamjazima televisheni, kaeni benchini kidogo mwasikilize watoto wanavyobishana. Masisi haikosi pande. Inachokosa ni mahali ambapo kijana anaweza kuchagua upande, kuutetea kwa hoja, kuuhama akishawishika, na kurudi nyumbani salama. Sisi tulipata mahali hapo kwa faranga 100. Vijana wa sasa wapewe pao, iwe kibanda, iwe shule ya muziki, iwe ukumbi wa parokia, na wasichana wapewe nauli ya kufika.

Na nyinyi wa Diego, popote mlipo, tafuteni hoja nyingine. Ile ya kwamba alitubu tumekwisha kuijibu.