"Go through": maneno mawili yaliyokula mbuzi wawili

Leo tunaandika kuhusu Kiingereza, lakini msikimbie. Hili si somo la kukariri. Ni habari ya mbuzi wawili waliouzwa na shamba la maharage ambalo halikupandwa, na sisi ndio tuliosababisha.

Sisi ni vijana tunaojitolea kutafsiri hapa Nakivale, Uganda. Wengi wetu tumetoka Kivu. Tumesoma sekondari, wengine nusu kule Kongo kwa Kifaransa na nusu hapa kwa Kiingereza. Kambi hii ni ya zamani, imepokea wakimbizi tangu 1958, na ukitembea sokoni utasikia Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kinyankole cha wenyeji na Kiswahili cha kila aina. Afisa anakuja na Kiingereza chake, mzee amekaa kwenye benchi na lugha yake, na katikati yao tupo sisi. Diploma ya ukalimani hatuna. Tuna daftari, kalamu na ulimi.

Ilikuwa mwezi wa nane. Mwenzetu mmoja alikaa mezani na mama mmoja wa kutoka Masisi, mwenye watoto watano. Mama huyu alikuwa amefanya intavyu zamani ya kupelekwa nchi ya tatu, na alikuja kuuliza habari. Afisa akafungua karatasi, akasema: "We still need to go through your file." Mwenzetu akamgeukia mama, akamwambia: "Mama, bado kidogo faili yako ipite."

Mama akapiga makofi, akamshukuru Mungu. Afisa akatabasamu, akadhani huyu ni mama mchangamfu tu. Mwenzetu naye akatabasamu. Watu watatu walifurahi pale, kila mtu na habari yake.

Wewe unayejua Kiingereza umeshaona shida iko wapi. Afisa alisema kwamba hilo faili bado hawajalisoma. Mama alisikia kwamba limebakiza hatua moja tu likubaliwe.

Mvua za mwezi wa tisa zikaja. Majirani wakapanda maharage na mahindi. Mama hakupanda. Kwa nini upande kitu ambacho hutakivuna? Akauza mbuzi wake wote wawili, tena kwa bei ya haraka, akawanunulia watoto viatu vya safari na begi. Mwezi wa kumi na mbili akarudi mezani akauliza: "Bana yangu, tunaondoka siku gani?" Afisa akaangalia, akasema faili halijafunguliwa na mtu.

Hatutasema ni nani kati yetu aliyetafsiri siku ile. Yeye mwenyewe alitaka tumtaje, tukakataa. Jioni ile tulipokaa na kuulizana, kila mmoja alikiri kwamba hata yeye angesema vilevile. Kwa hiyo tunasema "sisi".

Basi tukachukua daftari tukaandika kila "go through" tuliyowahi kuisikia hapa kambini. Jamani, tulishangaa wenyewe.

Kuna ile ya miguu. "We went through Bunagana." Hii kila mtu anaielewa, maana wengi wetu tuliingia Uganda kwa mpaka huo, tukalala kituo cha Nyakabande, kisha tukaletwa huku. Unaingia upande huu, unatokea upande ule. Tunaona maana nyingine zote zimezaliwa na hii.

Kuna ile ya mateso. "What did you go through?" Utaulizwa karibu kila intavyu. Maana yake ni yale yaliyokupata. Siku moja mzee mmoja aliulizwa hivyo, na sisi tukatafsiri: "Mzee, mulipitia wapi na wapi?" Mzee wa watu akajibu vizuri kabisa: Kitshanga, Sake, Goma, Rutshuru, Bunagana. Afisa akaandika majina ya barabara. Yaliyompata mzee njiani hayakuandikwa hata moja, mpaka mwenzetu mwingine aliyekuwa karibu akasema, ngoja, swali halikuwa hilo.

Kuna ile ya karatasi, kusoma na kukagua ukurasa kwa ukurasa. Ndiyo iliyomponza mama yetu.

Kuna ile ya kupekua. Hii tuliijua kwa uchungu. Dada mmoja alikuwa anasomewa maelezo yake ili ahakikishe yako sawa. Kwa Kiingereza yaliandikwa kwamba watu wenye silaha "went through the house". Tukamsomea: "Walipita ndani ya nyumba." Dada akakataa. "Hapana, hawakupita. Walipekua. Walibeba hata sufuria." Kiingereza kilikuwa sahihi, sisi ndio tulioifanya habari yake iwe nyepesi. Mtu aliyepita ndani ya nyumba yako si sawa na mtu aliyeingiza mikono kwenye nguo za mama yako.

Kuna ile ya kumaliza kitu. Muuguzi aliuliza akina mama: "How fast do you go through a bag of flour?" Alitaka kujua mfuko wa unga unaisha baada ya siku ngapi. Tukauliza: "Mnapita namna gani na mfuko wa unga?" Mama mmoja akajibu bila wasiwasi: "Juu ya kichwa." Siku hiyo tulicheka, na muuguzi tulipomweleza naye alicheka. Lakini fikiria kama angeandika tu jibu lolote akaenda zake.

Kuna ile ya kukubaliwa au kufika. Pesa uliyotumiwa kwa simu "has gone through", imeingia. Simu "didn't go through", haikupatikana. Ombi "went through", limepita.

Na kuna ndogondogo. Ukiambiwa "go through your chairman", maana yake anza kwa mwenyekiti wa kijiji chako, si upite mbele ya nyumba yake. "Let's go through it again" ni turudie tena. "Go through with it" ni kulifanya jambo uliloamua hata kama unaogopa.

Tulipozipanga zote tukaona jambo moja. Angalia nani anafanya. Watu wa ofisi wakiwa ndio wanaofanya na faili linakuja nyuma, "we go through the file", basi wanasoma. Faili likikaa mbele lenyewe, "the file goes through", basi limekubaliwa. Maneno ni yaleyale, yamebadilishana viti tu. Mwenzetu siku ile alishika "file" na "go through", ile "we" ya mwanzo ikamponyoka. Herufi mbili tu.

Tusiwacheke Waingereza sana. Kiswahili chetu nacho kina mambo yake. Tuna pita, pitia, pitisha, pitiliza, pitwa, pitana. Sisi tunabadilisha mkia wa kitenzi, wao wanaacha kitenzi kama kilivyo wanakiwekea kaneno nyuma: go through, go over, go on, go off. Na hata sisi tunasema "tumepitia faili" na "tumepitia vita" kwa neno lilelile. Tofauti ni kwamba mkia wa kwetu tumeunyonya na maziwa. Kaneno kao tulikutana nako ukubwani. Mtu aliyejifunza "go" mwaka wa kwanza anadhani hilo neno alishalimaliza.

Halafu kuna jambo tuliloligundua ambalo tunataka hasa ndugu zetu wa mashirika walisome. Wengi wetu tulisoma Kifaransa. Kifaransa kinatoa kitenzi chake kwa kila moja ya habari hizi: traverser kwa kupita katikati, subir kwa kupata mateso, examiner kwa kukagua, fouiller kwa kupekua, consommer kwa kutumia mpaka kuisha, approuver kwa kukubali. Sasa, Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na baadaye ya mahakama kwa muda mrefu, na Kiingereza kikabeba maneno mengi sana kutoka huko. Ndiyo maana examine, consume na approve ni binamu wa maneno tuliyoyajua tangu darasani Kongo.

Unaona kichekesho chake? Afisa mwenye huruma anasema moyoni, hawa watu Kiingereza chao ni kidogo, wacha nitumie maneno mafupi. Anaacha "examine", anachukua "go through". Anadhani ametupunguzia mzigo, kumbe ametuongezea. Kwetu sisi tuliosoma Kifaransa neno refu ndilo jepesi. Kwa hiyo tunawaomba, kaka na dada zetu mnaofanya kazi huku: mkitaka kusema mtasoma faili, semeni "read" au "examine". Mkitaka kusema limekubaliwa, semeni "approved". Hatutaona mnajivuna. Tutashukuru.

Lakini tusimalize kwa kuwalaumu wao, maana kosa letu halikuwa la Kiingereza peke yake. Rudi uangalie tafsiri yetu. Afisa alisema "still", na hiyo ni bado. Sisi tulisema "bado kidogo". Hiyo "kidogo" haikutoka kwenye mdomo wa afisa. Tuliitia sisi. Mama alikuwa amechoka, alikuwa ametembea asubuhi nzima na mtoto mgongoni, na mwenzetu alitaka aondoke na kitu mkononi. Ilikuwa ni huruma. Tukiwa wakweli, hiyo huruma ndiyo iliyokula mbuzi, pengine kuliko hata hiyo "go through".

Mwezi wa kwanza tulikwenda kwake, tukiwa watano. Tulimkuta anachambua mahindi kwenye ungo. Tulimwambia: "Mama, tulikosea. Faili yako haijasomwa. Hatukukueleza vizuri, tunaomba utusamehe." Alinyamaza muda mrefu, mikono yake inaendelea na mahindi. Kisha akasema: "Bon. Mulisema bado kidogo, njo mimi nikauzisha mbuzi. Sasa hiyo kidogo ilikuwa ya nani?"

Tulisema: "Ilikuwa yetu, Mama."

Akasema: "Basi muje na majembe."

Mvua za mwezi wa tatu zilipokaribia tulilima shamba lake Jumamosi mbili, tukachangishana mbegu za maharage. Mbuzi bado hatujalipa. Tumechanga, lakini bei ya sokoni inatuacha nyuma kila mwezi. Faili lake mpaka leo tunapoandika hatujasikia jibu. Viatu vya safari watoto wanavaa kwenda shuleni, na yule mkubwa vimeshambana, amemwachia mdogo wake. Mama ameturuhusu tuandike haya, mradi tusimtaje jina.

Siku hizi mezani tuna utaratibu wetu. Wenzetu wa kambi nyingine mkiuona unafaa, chukueni.

Tukisikia "go through" au kaneno kokote kanakotutia mashaka, tunamsimamisha afisa na kumuuliza: "Do you mean examine or approve?" Ni aibu ya sekunde tano.

Hatuongezi "kidogo", wala "karibu", wala "hivi punde", kama afisa hajataja siku. Ukitaka kumfariji mama, mpe maji, mpe kiti, msindikize mpaka barabarani. Usimfariji kwa tafsiri.

Na kabla mtu hajainuka tunamuuliza: "Mama, mzee, umesikia nini? Tuelezee kwa maneno yako." Tungeuliza hivyo mwezi wa nane, mama angejibu, "Tunaondoka," nasi tungemgeuzia afisa neno hilo, naye angeshtuka palepale. Mbuzi wangekuwa nyumbani.

Nanyi mliopo Kakuma, Nyarugusu, Kyangwali na kwingine, tunajua mna maneno yenu yaliyowahi kuwachoma. Tuandikieni. Daftari letu lina kurasa bado, na safari hii tumeanza na "follow up", ambayo imeshafika maana ya nne na hatujamaliza hata wiki moja.