Kutoka Ngamiani hadi Raskazone: mbio za kutafuta kisima

Mji wa Tanga huamka kwa sauti mbili: adhana ya Alfajiri na kengele za baiskeli. Barabara za Ngamiani, ambazo nyingi huitwa kwa namba, zimenyooka kama mistari ya daftari, hata mgeni hapotei kukiwa kungali na kiza. Ni katika barabara hizo ambamo sisi, wanakamati na waumini wa msikiti mmoja wa mtaani, tulijifunza kukimbia tukiwa watu wazima wenye wake, watoto na vitambi.

Sababu haikuwa riadha. Upande wa Mkinga iko madrasa ambayo wanafunzi wake huacha darasa ili wakateke maji mbali, na wengine hawarudi tena siku hiyo. Kapu la mchango lilikwisha kupitishwa msikitini mara mbili, na mara zote mbili lilirudi jepesi. Ndipo kijana mmoja akaleta shauri: kila mshiriki akimbie au atembee kilomita 100 katika siku 30, na jamaa, majirani na wateja wake waahidi kiasi kwa kila kilomita. Aliyeahidi shilingi 100 angetoa shilingi 10,000 mwezi ukiisha. Aliyeahidi 500 angetoa 50,000.

Baadhi ya wazee walihoji iwapo yafaa walimu wa Qur'ani kuonekana wakikimbia njiani kama watoto. Imamu akawakumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Mama Aisha (r.a.), mara moja akatanguliwa na mara nyingine akatangulia, na kwamba Mama Hajar alikwenda mbio baina ya Safa na Marwa akimtafutia mwanawe maji. "Nasi tunawatafutia watoto maji," akasema. Mjadala ukafungwa. Masharti yakawekwa: suruali ndefu zilizopwaya, na mbio zisimcheleweshe mtu Swala wala kazi yake.

Tuliondoka kila baada ya Swala ya Alfajiri na nyuradi zake. Kwanza huvuka reli, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka hapa mwaka 1893, kisha huingia mjini na kushuka hadi Bustani ya Jamhuri. Hapo bahari hufunguka ghafla. Mbele yake kimelala kisiwa cha Toten, jina la Kijerumani lenye maana ya wafu, penye magofu ya misikiti na makaburi ya waliotutangulia. Nao waliadhini, wakasali, wakapita. Mtu anayehema mbele ya kisiwa hicho alfajiri huona pumzi yake kuwa neema.

Katika juma la kwanza wengi wetu hatukuipita Bustani. Kichomi kilitushika ubavuni, na miundi ikauma hata kurukuu kukawa na taabu. Mwalimu mmoja wa michezo akatufundisha: kimbieni dakika moja, tembeeni mbili, na kasi iwe ya kumwezesha mtu kuzungumza. Juma la pili tukafika hospitali ya Bombo. Baadhi yetu tulikuwa na wazee waliokuwa wakihudhuria huko kwa ajili ya sukari na shinikizo la damu, na kuyapita majengo yale kwa miguu yetu wenyewe kulitufundisha zaidi ya mawaidha mengi. Juma la tatu tukafika Raskazone, penye miti mikubwa na upepo wa bahari. Huko ndiko majeshi ya Uingereza yalikoshuka Novemba 1914, yakapigwa na Wajerumani na kushambuliwa na nyuki, hata yakarudi merikebuni. Ni pwani iliyokwisha kuona watu wakikimbia kwa hofu. Sisi iliona tukikimbia kwa kheri.

Madereva wa bodaboda hawakutuacha. "Ustadhi, nani anakukimbiza?" waliuliza kila siku. Tulipowaeleza habari ya kisima, watatu wakaandika ahadi papo hapo, juu ya tangi la pikipiki.

Lakini jambo lililotugusa kuliko yote lilitoka kwa mama muuza vitumbua wa karibu na soko. Aliahidi shilingi 100 kwa kilomita, na badala ya kungoja mwisho wa mwezi alilipa kila Ijumaa, kwa sarafu zilizonukia mafuta na hiliki, akiuliza, "Wanangu, juma hili mmefika wapi?" Tangu hapo kilomita haikuwa tena hesabu ya miguu, ilikuwa amana. Kiza cha alfajiri hakina shahidi, na mtu angeweza kugeuzia Bombo akaandika Raskazone. Hapo tulifahamu kwamba changizo la aina hii lina mitihani miwili: riya mchana, watu wanapokusifu, na uaminifu alfajiri, wasipokuona. Anayefunga saumu anaujua mtihani huo wa pili.

Akina mama wa msikiti walijichagulia muda na mahali pao: uwanja wa shule wenye ukuta, baada ya Alasiri. Wengi wao walitembea tu, na mzee wetu mwenye miaka zaidi ya sitini naye hakukimbia hata hatua moja, maana masharti yaliihesabu kilomita ya mwenye kutembea sawa na ya mwenye kukimbia. Daftari zilipojumlishwa, mchango wa akina mama ulizidi wa wanaume. Tuliupokea ushinde huo kwa shukrani.

Fedha zilitosha kuchimba kisima, hazikutosha pampu. Kwa hiyo daftari zimefunguliwa tena, na watoto kwa sasa huteka kwa ndoo na kamba, hatua chache kutoka darasani.

Kamati nyingine zikipenda kufuata njia hii, twashauri zianze na jambo moja lenye mahitaji ya wazi, zichague njia salama, na zimtake kila mwenye maradhi amwone daktari kwanza. Na kila juma zisome hesabu mbele ya waumini, kilomita na shilingi, kwa kuwa aliyetoa shilingi 100 ana haki ya kujua kisima kimefika kina gani.

Wabillahi tawfiq.