Dhana Haitengenezi Gari

Ndugu Waislamu, asubuhi za ukungu hapa Bulongwa gari kuukuu la jirani yangu lilikuwa likikohoa na kukosa nguvu; jua likipanda, hupona. Jirani akamtuhumu muuza petroli kuwa ameitia maji. Fundi alichomoa waya wa plagi mmoja, akawasha injini, akasikiliza, akaizima, akaurudisha. Hivyo hivyo hadi wa mwisho. Kwa nyaya tatu injini ilizidi kutetemeka. Wa nne haukubadili kitu. Ulikuwa umepasuka: ukilowa, umeme huvuja kabla haujafika kwenye plagi. Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Waya hununuliwa dukani; heshima ya mtu hununuliwa wapi? Jirani alikwenda siku ile ile kumtaka radhi muuza petroli.