Mlio Nilioukimbia

Mdogo wangu alikuwa dereva wa bodaboda Morogoro, na alifia barabarani. Tangu tumzike, mlio wa pikipiki ulikuwa unanilegeza magoti. Nilifunga madirisha, nilizunguka njia ya mbali ili nisipite kijiweni kwao. Nilipopata kazi Poland, nilimshukuru Mungu kwamba mlio ule nauacha nyuma.

Kazi ilikuwa Rybnik, mji wa wachimba makaa ya mawe, na chumba nilichopanga kilikuwa karibu na barabara ya Gliwicka, ulipo uwanja wa manispaa. Katikati ya uwanja huo ni nyasi za soka. Kuzunguka nyasi ni njia ya mbio za pikipiki. Jioni ya kwanza ya mbio nilijifunika mto kichwani.

Aliyenitoa ndani ni jirani yangu, mzee mstaafu wa mgodini. Kwake hizi mbio ni urithi: kati ya 1956 na 1972 Rybnik ilitwaa ubingwa wa Poland wa timu mara 12, na mwaka 1966 Antoni Woryna wa hapa akawa Mpoland wa kwanza kupanda jukwaa la washindi katika fainali ya dunia ya mchezaji mmoja mmoja. Alinisihi mpaka nikaona haya kumkatalia.

Pikipiki zile hazina breki. Zina gia moja na injini ya cc 500 inayokunywa methanoli. Wapanda 4 hukimbia mizunguko 4, wakikata kona kwa kuteleza, mguu wa kushoto ukiburuza kiatu cha chuma. Kijana mmoja akaanguka mbele yetu. Papo hapo taa nyekundu zikawaka, wenzake wakasimama, na gari la wagonjwa, ambalo lisipokuwepo mbio haziendelei, likawa limeshamfikia. Alipoinuka, uwanja mzima ulimpigia makofi, hata mashabiki wa wapinzani wake.

Nililia kwa sauti. Mdogo wangu alilala kando ya lami na magari yakampita. Kwetu tulishazoea kuwaita wahuni vijana hawa wanaotufikisha hospitali na sokoni. Pale niliona umati ukimtazama mpanda pikipiki kama mtoto wa watu.

Mzee hakunificha kwamba uwanja wao nao una msiba. Mei 2016, Krystian Rempała wa timu ya Tarnów, mwenye miaka 18, aligongana na mpanda pikipiki mwingine kwenye njia hiyohiyo, akafariki siku chache baadaye. Mzee alilitaja jina lake taratibu, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nikalitaja la mdogo wangu.

Sikupona siku moja. Nilirudi tena na tena, kwanza nikikaa juu kabisa, baadaye kwenye kona ya kwanza, hadi moyo ukatulia. Likizo iliyofuata nilikwenda kijiweni kwa mdogo wangu. Wenzake walinipa benchi, wakanisimulia vituko vyake mpaka jua likazama, mambo ambayo nyumbani hatukuwahi kuyasikia. Tulinunua kofia ngumu zenye mikanda mizima, tukaanzisha mfuko wa matibabu kwa atakayeanguka. Mchango wangu nautuma kila mwisho wa mwezi, kutoka Rybnik.